Habari za Vyeti vya Miwani, na Sababu ya Kuandikwa kwa Namna Mbalimbali

Mtu akitembea katika Gerezani ya Dar es Salaam, tangu kituo cha mabasi yaendayo haraka mpaka vichochoro vinavyotokea Kariakoo, ataona ya kuwa watu wengi mno wa mahali pale hupata riziki kwa macho yao. Yuko mchonga funguo, yuko mtengeneza saa, wako mafundi cherehani, wako wauza spea za magari ambao hawana budi kusoma namba iliyopigwa juu ya chuma kwa tarakimu ndogo kama mbegu za mchicha. Macho yakipungua, riziki nayo imepungua. Kwa hiyo si ajabu kwamba miwani huuzwa huko juu ya meza za njiani, wala si ajabu kwamba katika mfuko wa shati la mtu mzima aghalabu imo karatasi iliyokunjwa mara nne, nayo ni cheti cha miwani.

Karatasi hizo ndizo tunazotaka kuzieleza mwezi huu. Soko la Kariakoo huvuta wanunuzi kutoka Kongo, Msumbiji, Komoro na Zambia, na kila mmoja huja na karatasi ya kwao. Moja imeandikwa R na L, nyingine OD na OG, nyingine OD na OE. Moja ina nukta mahali ambapo nyingine ina mkato. Tena huenda vyeti viwili vikatofautiana katika kila tarakimu, na huku vyote viwili vyaagiza miwani ile ile moja. Asiyejua asili ya mambo haya hudhani amedanganywa. Anayejua asili yake huona kwamba kila alama ina mwenyewe, na mwaka wake, na sababu yake.

(Jina la Gerezani lenyewe lafundisha jambo kama hilo. Limetokana na gereza, na gereza husemwa latokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Kwa kuwa kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome ya Mombasa, na ngome baadaye ikawa kifungo. Neno moja, maana mbili zilizo mbali sana.)

Miwani ni ya zamani kuliko vyeti. Mtaalamu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Kairo karibu na mwaka wa 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona, nacho kikafasiriwa kwa Kilatini, wasomi wa Ulaya wakajifunza humo. Miwani ya kuvaa ilitokea Italia karibu na mwaka wa 1286. Twajua hivi kwa ajili ya mtawa mmoja, Giordano wa Pisa, aliyehubiri katika mji wa Florence tarehe 23 Februari 1306, akasema ya kwamba bado haijatimia miaka 20 tangu ustadi wa kutengeneza miwani kuvumbuliwa, naye mwenyewe amepata kumwona mtu wa kwanza aliyeitengeneza. Jina la mtu huyo hakulitaja. Yuko mtawa mwingine wa Pisa, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka wa 1313. Katika kumbukumbu za nyumba yao imeandikwa ya kuwa mtu fulani alitengeneza miwani kwanza, akakataa kumwambia mtu yeyote namna yake. Spina alipoiona akaitengeneza mwenyewe, akawafundisha watu wote kwa moyo wa furaha. Sisi tulio walimu twaipenda habari hii, wala haituudhi kwamba yule aliyeficha amesahauliwa jina.

Miwani ile ya kwanza ilikuwa ya vioo vilivyotuna katikati, ya kuwasaidia wazee kusoma. Vioo vilivyobonyea katikati, vya kuwasaidia wasioona mbali, vilikuja baadaye, katika karne ya 15. Siku hizo hapakuwa na cheti. Mnunuzi alijaribu moja baada ya moja katika kasha la mchuuzi mpaka apate inayomfaa, au mchuuzi alimwuliza umri, akampa ya watu wa miaka 40, au ya 50. Msomaji atatambua kwamba desturi hiyo haikufa: wachuuzi wa Kariakoo huuliza umri vile vile, na kwa miwani ya kusomea tu hawakosei sana.

Cheti kilianza kuhitajiwa wakati ambapo kioo kilipewa namba. Na namba ya kwanza ilikuwa ya inchi. Fundi alishika kioo kilichotuna akakielekeza kwenye jua, akapima toka kioo mpaka mahali mianga inapokutana ikawa doa moja dogo. Ikiwa ni inchi 10, kioo kiliitwa namba 10. Ikiwa ni inchi 20, namba 20. Sasa tazama taabu iliyomo. Kioo chenye nguvu zaidi hukutanisha mianga karibu, kwa hiyo namba ndogo ilikuwa kioo kikali, na namba kubwa kioo hafifu. Na kama daktari alitaka kuweka vioo viwili pamoja, cha 10 na cha 20, ilimpasa kujumlisha sehemu: moja ya kumi na moja ya ishirini ni tatu ya ishirini, basi vioo hivyo viwili ni sawa na kioo cha inchi 6 na theluthi mbili. Watoto wa darasa letu wangefanya hesabu hiyo kwa shida, na fundi mwenye wateja mlangoni vivyo hivyo.

Taabu ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Inchi ya nani? Inchi ya Uingereza ni milimita 25.4. Inchi ya Paris ilikuwa milimita 27.07. Wajerumani nao walikuwa na yao, na watu wa Austria yao. Ni kama mkono wa kupimia nguo katika siku za babu zetu: mwenye duka mfupi na mnunuzi mrefu hawawezi kupatana, kwa maana kila mmoja amebeba kipimo chake mwilini mwake. Kioo namba 10 cha Paris na kioo namba 10 cha London havikuwa sawa. Tofauti yake, kwa kipimo cha siku hizi, ni karibu robo moja ya dayopta, ambayo ndiyo hatua ndogo kabisa ambayo daktari huandika katika cheti. Hivyo mtu aliyevuka bahari na cheti chake alipewa miwani ya jirani badala ya yake mwenyewe.

Mwaka wa 1872 mganga wa macho wa Kifaransa, Ferdinand Monoyer, alitoa shauri kwamba kioo kipimwe kwa nguvu yake, si kwa urefu wa mianga yake, tena kwa mita, si kwa inchi. Kioo kinachokutanisha mianga mwendo wa mita moja kihesabiwe kuwa na dayopta moja. Cha nusu mita, dayopta mbili. Cha robo mita, dayopta nne. Katika mkutano wa waganga uliofanyika Brussels mwaka wa 1875 shauri hilo lilikubaliwa. Tangu hapo namba kubwa ni kioo kikali, na vioo viwili vikiwekwa pamoja hujumlishwa kama shilingi: nne na mbili ni sita. Ile hesabu ya sehemu tuliyoitaja juu, ya 10 na 20 kwa inchi za Kiingereza, ndiyo hii hii, 4 na 2. Wadachi walipoufanya mji wa Dar es Salaam makao makuu ya serikali yao mwaka wa 1891, dayopta ilikuwa imekwisha enea. Kwa hiyo vyeti vya nchi yetu havikupata kusumbuliwa sana na inchi. Walakini jina la zamani limesalia midomoni. Watu huulizana hata leo, “Miwani yako namba ngapi?”

Msomaji anaweza kuhakikisha neno hili kwa mikono yake. Achukue miwani ya kusomea iliyoandikwa +2.50, aielekeze kwenye jua juu ya ukuta au sakafu, aisogeze mbele na nyuma mpaka doa la mwanga liwe dogo kabisa, kisha apime. Atapata sentimita 40 au karibu na hapo, kwa maana 100 ukigawanya kwa 2.5 ni 40. Ajihadhari tu asitazame jua lenyewe kwa kioo, wala asiliache doa juu ya karatasi, kwa sababu litaichoma.

Mbele ya namba huwekwa alama. Alama ya kujumlisha (+) ni kioo kilichotuna, alama ya kutoa (−) ni kioo kilichobonyea. Alama hiyo si pambo. Mwenye kuhitaji −2.00 akipewa +2.00 hakupata nusu ya msaada, bali ameongezewa maradhi maradufu. Wala si vizuri kuandika .50 bila sifuri mbele yake, maana nukta ikififia husomwa 50, iandikwe 0.50. Mafundi wengine huiacha nukta kabisa, wakaandika −150 wakiwa na maana ya −1.50, nao huelewana wenyewe kwa wenyewe. Vyeti vya Kifaransa, vya Kireno na vya Kijerumani hutia mkato, 0,50, na hicho si kosa bali ni desturi ya hesabu zao.

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Sasa tunafika penye fundo.

Macho ya watu wengi hayakuviringana sawasawa. Jicho ambalo mbele yake limeviringana kama mpira huhitaji kioo cha namna moja tu, ambacho katika cheti huitwa sph, yaani cha tufe. Lakini jicho la mtu mwingine ni kama mgongo wa kijiko: ukiupima kwa urefu umepinda kidogo, ukiupima kwa upana umepinda sana. Mianga ipitayo juu na chini haikutani mahali pamoja na ile ipitayo kando. Kasoro hiyo huitwa astigmatizimu. Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka wa 1801 kwa kulipima jicho lake mwenyewe. Lakini aliyeipatia dawa ni George Airy, mwalimu wa Cambridge, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa halimfai kitu. Airy alitoboa tundu dogo katika kadi, akalitazama kwa jicho hilo, akaona ya kwamba nukta ya mwanga haikuwa nukta, bali mstari. Na akiisogeza kadi, mstari uligeuka ukalala upande mwingine. Akapima umbali wa mistari yote miwili, akafanya hesabu, akamwagiza fundi wa mji wa Ipswich, jina lake Fuller, amchongee kioo kilichopinda upande mmoja tu. Habari hiyo aliisoma mbele ya wenziwe mwaka wa 1825, ikachapwa mwaka wa 1827.

Kioo kilichopinda upande mmoja tu kinafanana na ubavu wa chupa, au na bati ambalo fundi wa Gerezani amelikunja kufanya bomba. Ukilipapasa bati hilo kwa urefu, limenyoka; ukilipapasa kwa upana, limepinda. Kioo cha namna hii huitwa silinda, na katika cheti huandikwa cyl. Tena haitoshi kutaja nguvu ya silinda, lazima kutaja imelala namna gani: imesimama kama nguzo, imelala kama boriti, au imeinama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Huo mlalo ndio mhimili, nao huandikwa kwa digrii baada ya alama ya ×. Ndiyo sababu cheti kamili cha jicho moja kina tarakimu tatu: nguvu ya tufe, nguvu ya silinda, na mhimili.

Mara ulipopatikana mhimili, ukapatikana na ugomvi. Digrii zihesabiwe kutoka wapi? Waganga wengine walianza penye pua kwa macho yote mawili, kwa kuwa uso wa mtu una pande mbili zinazolingana. Wengine walianza upande mmoja kwa macho yote mawili, kama mtu asomaye saa. Wengine hawakutaka digrii, walichora nusu duara na kupiga mstari ndani yake. Kwa jicho la kuume hesabu ile ya pua na hesabu hii ya upande mmoja hupatana. Kwa jicho la kushoto 30 ya mmoja ni 150 ya mwingine. Na silinda si kitu cha kuchezewa. Ikikosea mlalo wake kwa digrii 30 tu, kasoro inayobaki machoni ni kubwa sawasawa na ile ya kwanza, yaani mtu amevaa bure. Ikikosea kwa digrii 60, kama hapo penye 30 na 150, hali yake ni mbaya kuliko asiyevaa kitu. Mwaka wa 1917 kamati ya Kijerumani ya ufundi wa miwani ilikata shauri: hesabu ni moja kwa macho yote mawili, nayo ndiyo inayofuatwa sasa karibu kila mahali. Daktari aliyekuelekea uso kwa uso huanza upande wa mkono wake wa kuume, pale ambapo saa ina tarakimu 3. Hupanda juu mpaka 90, penye tarakimu 12. Hushuka mpaka 180, penye tarakimu 9. Chini hana haja ya kwenda, kwa kuwa mstari una ncha mbili. Alama ya digrii haiwekwi, maana ule mviringo mdogo ukiandikwa kwa haraka hugeuza 15 kuwa 150.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kuelekeana uso kwa uso, katika vyeti vingi jicho la kuume huandikwa upande wa kushoto wa karatasi, kama vile daktari anavyokuona.

Limebaki neno moja la silinda, nalo ndilo linaloleta manung'uniko mengi kuliko yote. Fundi cherehani mmoja wa Gerezani, mtu wa makamo yetu, alitujia siku moja na vyeti viwili vya jicho lake la kuume, alivyopewa mahali pawili kwa mwaka mmoja. Cha kwanza kimeandikwa hivi: +1.00 −2.00 × 180. Cha pili hivi: −1.00 +2.00 × 90. Akasema, “Mwalimu, mmoja ananiambia jumlisha, mwingine ananiambia toa. Bila shaka mmoja wao ni mwongo. Nisaidie kumjua.” Tukamjibu, “Hapana mwongo, bwana. Wote wawili wamekuandikia miwani moja.” Hakutusadiki, na hatukumlaumu.

Tulimweleza kwa saa iliyokuwa ukutani. Mshale mfupi ukisimama penye tarakimu 3, Mwingereza husema saa tatu, Mswahili husema saa tisa. Jua halikwenda popote. Wao huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri, sisi huhesabu tangu macheo na tangu machweo, nasi sote twafika kazini wakati mmoja. Anayejua kuongeza sita au kutoa sita hapotewi. Cheti nacho ni vivyo hivyo. Jicho la fundi huyu lahitaji +1.00 kwa upana na −1.00 kwa wima. Daktari wa kwanza ameanza penye +1.00, akatumia silinda ya kutoa kuteremka hatua mbili mpaka −1.00. Wa pili ameanza penye −1.00, akatumia silinda ya kujumlisha kupanda hatua mbili mpaka +1.00. Ngazi ni moja, mmoja ameanzia juu na mwingine chini. Iko na namna ya tatu, isiyotumika sana siku hizi, ya kuandika silinda mbili zilizopishana bila tufe: +1.00 × 90 pamoja na −1.00 × 180. Nayo ni miwani ile ile.

Kanuni ya kugeuza ni fupi, na mtoto aliyejifunza kujumlisha namba zenye alama ataiweza. Jumlisha tufe na silinda, upate tufe mpya. Nguvu ya silinda iache kama ilivyo, ugeuze alama yake. Mhimili uongeze 90, au ukizidi 90, utoe 90. Jaribu kwa cheti cha fundi: +1.00 na −2.00 ni −1.00, −2.00 yageuka +2.00, 180 ukitoa 90 ni 90. Yule aliyekuwa haamini aliandika kwa chaki juu ya kitambaa, akarudia mara tatu.

Lakini taabu yake haikuwa ya shaka tu. Katika duka moja la mjini, ambalo hatutalitaja, mwandishi alivichukua vyeti vyote viwili, akanakili tufe ya cha pili na silinda ya cha kwanza, ikawa −1.00 −2.00 × 180. Kioo kilichochongwa kwa maneno hayo kilikuwa kimekosea dayopta mbili nzima kila upande. Fundi aliivaa miwani hiyo siku nne, akaumwa kichwa, akashindwa kuingiza uzi katika sindano, akaiweka katika mtoto wa meza. Kwa miezi saba alishona nguo za jumla tu, mishono mirefu isiyohitaji jicho, na kazi za vifungo na pindo akazipeleka kwa kijana wa jirani kwa malipo. Hesabu ya fedha aliyopoteza anayo mwenyewe katika daftari. Alipopimwa tena, na cheti kimoja tu kikapelekwa kwa fundi wa miwani, mambo yalitengenea kwa juma moja.

Pengine msomaji atauliza, mbona wasikubaliane kuandika namna moja? Sababu ni ya kazi. Marekani, waganga wa hospitali aghalabu hutumia silinda ya kujumlisha, kwa kuwa vyombo vyao vya kupimia vimefanywa hivyo. Wapimaji wa macho wasio waganga hutumia ya kutoa, na huko Uingereza na nchi zilizofuata mafundisho yake wapimaji hufanya vivyo hivyo. Mafundi wa vioo nao huipenda ya kutoa, kwa maana silinda siku hizi huchongwa upande wa nyuma wa kioo. Kila mmoja ana hoja yake. Vyeti vya Kifaransa aghalabu hutia silinda katika mabano, kwa mfano +1,00 (−2,00) 180, na wengine hutanguliza mhimili mbele ya yote. Sisi twaona namna ya Wafaransa ni safi, maana mabano huzuia namba mbili kushikamana.

Herufi za macho hazina fundo. OD ni Kilatini, oculus dexter, jicho la kuume. OS ni oculus sinister, la kushoto. OU ni yote mawili. Wafaransa huandika OD na OG, Wareno OD na OE. Waingereza huandika R na L, na kwa bahati njema Wajerumani pia, kwa kuwa rechts na links zaanza kwa herufi zile zile. Kiswahili hakisaidii hapa: kulia na kuume, kushoto na kike, yote yaanza kwa K! Pl au plano ni kioo kisicho na nguvu. DS ni dayopta za tufe, yaani hapana silinda. PD ni nafasi iliyo kati ya mboni mbili kwa milimita, na huandikwa namba moja, kama 64, au nusu mbili toka katikati ya pua, kama 33/31.

Watu wengine huchanganya cheti cha miwani na kipimo cha uoni, na tungependa jambo hili lijulikane hasa kwa wazazi wa watoto wa shule. Ile chati ya herufi kubwa na ndogo aliitunga Herman Snellen wa Utrecht mwaka wa 1862. Kipimo chake ni sehemu: 6/12 maana yake mtu amesimama mita 6, akasoma herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma hata akiwa mita 12. Wamarekani hupima kwa futi, wakaandika 20/40, na wengine wa Ulaya hugawanya kabisa, wakaandika 0.5. Zote tatu ni sawa. Vile vile 6/60, 20/200 na 0.1. Kwa wasiojua kusoma hutumika herufi E inayogeuzwa huku na huku, na mtoto huonyesha kwa vidole miguu yake imeelekea wapi. Kipimo hicho chaeleza mtu aona kiasi gani, hakielezi kioo gani kitamfaa. Wawili wenye 6/12 huenda mmoja akahitaji +, mwingine −, na wa tatu asisaidiwe na kioo chochote kwa kuwa ana mtoto wa jicho.

Mstari wa mwisho wa cheti aghalabu ni Add. Mtu akifika miaka 40 na zaidi, kioo cha asili kilicho ndani ya jicho hukakamaa, akaanza kunyosha mkono ili asome. Uchunguzi uliofanywa Kongwa katika nchi ya Dodoma, ukachapishwa mwaka wa 2006, ulionyesha ya kuwa katika kila watu 100 wa umri huo karibu 62 walikuwa na hali hiyo. Add ni nguvu ya kuongezwa juu ya ile ya mbali: mwenye −1.00 kwa mbali na Add +2.00, miwani yake ya kusomea ni +1.00. Benjamin Franklin wa Marekani, katika barua zake za mwaka wa 1784 na 1785, alieleza miwani yake ya vioo viwili katika duara moja, juu cha mbali, chini cha karibu. Hatari iliyopo ni kwamba wapimaji wengine hawaandiki Add, bali huandika jumla yenyewe mbele ya N au Near. Muuzaji asiyetazama neno akaitia jumla hiyo juu ya namba ya mbali, huyu mwenye −1.00 atapewa kioo kisicho na nguvu, 0.00, mahali pa +1.00.

Nchini Tanzania kazi hii ina sheria yake, Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na Baraza la Optometria huandikisha wapimaji; wengine wao wamefundishwa katika Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka wa 1971. Wapimaji wengi sasa huanza kwa mashine. Mtu huweka kidevu chake, hutazama picha iliyo ndani, na kabla hajapepesa macho mara kumi mashine imetoa kipande cha karatasi chenye herufi S, C na A: tufe, silinda na mhimili, pamoja na PD chini. Mashine hiyo ina mahali pa kuchagua silinda ya kujumlisha au ya kutoa, kwa hiyo mashine mbili zaweza kutofautiana kama wale waganga wawili wa fundi cherehani. Tena karatasi yake si cheti bado. Mpimaji huanzia hapo, akambadilishia mtu vioo mpaka aseme mwenyewe kipi chamwonyesha vizuri. Na kwa kuwa huchapwa kwa moto, si kwa wino, maandishi yake hufifia yakikaa mfukoni katika joto la Dar es Salaam. Watu wa Gerezani wamelitambua hilo, nao huyanakili kwa kalamu nyuma ya karatasi ile ile, alama kwanza, kisha namba.